Sura ya Sita: Nimelipia Kibali, Mbona Sipati pa Kuegesha?

Swali hili huulizwa kwa hasira, mara nyingi usiku, na mtu ambaye ameuzunguka mtaa wake mara ya tatu akitafuta pa kuweka gari. Amelipa ada. Stika iko kwenye kioo cha mbele, namba ya eneo lake inasomeka vizuri. Na bado hakuna nafasi. Columbia Heights, kaskazini ya katikati ya jiji la Washington, swali hilo huulizwa kwa Kiingereza, kwa Kihispania cha Wasalvador waliojaa mitaa hiyo, kwa Kiamhari, na siku hizi kwa Kiswahili pia.

Swali lina ndugu yake, linaloulizwa na mtu ambaye hajalipa bado: kwa nini nilipie kuegesha mbele ya nyumba yangu mwenyewe? Tuanze na huyu wa pili, kwa sababu jibu lake ni fupi. Mbele ya nyumba yako si pako. Kiwanja chako kinaishia kwenye mpaka wa hati yako. Barabara ni ya umma, na ukingo wake, yaani ule ukanda mwembamba wa lami ambapo magari hujipanga, ni wa umma vilevile. Umezoea tu kuuona ni wako kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyekuuliza.

Yule wa kwanza ndiye mwenye kesi ngumu, na sura hii ni yake.

Kibali ni nini hasa

Kibali cha maegesho ya wakazi ni ruhusa inayotolewa na serikali ya mji kwa watu wanaoishi katika eneo fulani. Mwenye kibali anaweza kuacha gari barabarani kwa muda wowote. Asiye nacho ana ukomo. Jijini Washington, katika mitaa mingi iliyo chini ya mpango huu, ukomo ni saa mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2:30 usiku. Akizidisha, anakuta karatasi ya faini kwenye waipa.

Maeneo hayo hufuata kata za jiji, nazo ni 8. Columbia Heights iko Kata ya 1, pamoja na majirani zake Adams Morgan, Mount Pleasant na mitaa ya U Street. Kwa hiyo mkazi wake hupata kibali cha Eneo la 1, na kibali hicho humruhusu kuegesha popote ndani ya kata ambapo mtaa umewekwa kwenye mpango. Masharti ni mawili: uwe unaishi kwenye mtaa unaohusika, na gari lako liwe limesajiliwa Washington.

Sasa zingatia kitu ambacho tangazo la kibali halikisemi. Kadi ya harusi inakuruhusu kuingia ukumbini. Haikuhakikishii kiti, na pilau likiisha limeisha. Kibali ni hivyohivyo. Jiji halihesabu nafasi zilizopo barabarani halafu likauza vibali kwa idadi hiyo. Linamuuzia kila mkazi anayetimiza masharti. Magari yakiwa mengi kuliko nafasi, vibali vitaendelea kutolewa na wenye vibali wataendelea kuzunguka.

Ugomvi ulioanzia ng'ambo ya mto

Ili kuelewa kwa nini kibali kilibuniwa hivi, turudi miaka ya 1970, tuvuke Mto Potomac tuingie Arlington, jimbo la Virginia. Pale palikuwa na mtaa wa makazi uitwao Aurora Highlands, jirani na majengo mapya ya ofisi ya Crystal City. Wafanyakazi walikuja asubuhi na magari, wakaegesha bure milangoni mwa watu, wakaondoka jioni. Anayeishi jirani na hospitali kubwa au soko kubwa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Arlington ikaweka utaratibu: mchana wa siku za kazi, wakazi na wageni wao tu ndio waegeshe pale. Wafanyakazi wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa ya maana: barabara imejengwa kwa kodi ya wote, iweje mmoja aruhusiwe na mwingine akatazwe kwa sababu tu ya anakolala? Mahakama ya juu ya Virginia ikawakubalia. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua uamuzi huo. Ilisema mji una haki ya kupunguza msongamano, kelele na moshi katika makazi ya watu, na kumtofautisha mkazi na asiye mkazi kwa lengo hilo hakuvunji katiba. Tangu hapo miji ya Marekani ilijua kwamba kibali kina miguu ya kisheria, na Washington yenyewe ilikuwa imeshaanza mpango wake katika muongo huohuo.

Ninalotaka ulikumbuke katika kisa hiki ni adui aliyekuwa akilengwa. Alikuwa mtu wa nje, anayekuja mchana, siku za kazi. Saa za kibali, siku zake na ukomo wake wa saa mbili vyote vilishonwa kwa kipimo cha mtu huyo. Dawa ikipewa mgonjwa mwingine, usishangae isipofanya kazi.

Columbia Heights ilivyojaa

Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, barabara ya 14 iliwaka moto. Maduka yaliteketea, wenye biashara wakahama, na viwanja vingi vikabaki vitupu kwa miongo mitatu. Wakati huo mtu angeweza kuegesha lori.

Mabadiliko yalikuja kwa treni. Septemba 1999 kituo cha Metro, treni ya chini ya ardhi, kilifunguliwa makutano ya barabara ya 14 na Irving. Mwaka 2005 ukumbi wa zamani wa Tivoli, pembeni tu, ulifunguliwa tena, na kikundi cha GALA cha tamthilia za Kihispania kikapata nyumba. Machi 2008 likafunguliwa duka kubwa la ghorofa lililoitwa DC USA, lenye matawi ya maduka ya Target na Best Buy ndani yake.

Hapo ndipo hofu ilipopanda. Wakazi walijiuliza: wanunuzi wote hawa wataegesha wapi kama si mitaani kwetu? Jiji lilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa zege: chini ya duka, kwa fedha za umma, kulijengwa maegesho ya magari takriban 1,000. La pili lilikuwa sheria ya 2008 iliyoifanya Columbia Heights, pamoja na mitaa iliyozunguka uwanja mpya wa besiboli, kuwa eneo la majaribio. Katika eneo hilo bei ya mita za maegesho ilitakiwa ipande au ishuke kufuatana na msongamano, lengo likiwa kila mtaa wa biashara uwe na nafasi chache wazi wakati wote, asilimia 10 hadi 20. Sehemu ya mapato ya mita ilikuwa irudi kwenye mtaa wenyewe, kwa kazi kama za njia za waenda kwa miguu. Wazo hilo linafanana na la Donald Shoup, profesa wa Los Angeles ambaye kitabu chake cha 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure kilibadilisha mazungumzo ya miji mingi.

Kilichotokea kiliwafanya maofisa wakune kichwa. Wanunuzi walikuja kwa maelfu, lakini wengi walikuja kwa Metro, kwa basi na kwa miguu. Maegesho ya chini ya ardhi yakabaki matupu sehemu kubwa, na jiji likawa linapoteza fedha kuyaendesha. Adui aliyetayarishiwa nafasi 1,000 hakuja na gari. Juu, mitaa ya nyumba ikaendelea kujaa kila usiku kama kawaida.

> Kwa ufupi mpaka hapa: Kibali kilibuniwa kumzuia mtu wa nje anayekuja mchana. Kinatoa ruhusa ya kutafuta nafasi, hakitoi nafasi. Na Columbia Heights ilipojiandaa kwa wageni, msongamano ukabaki palepale.

Futi 20

Basi magari yale ni ya nani? Tufanye hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kutembea.

Nyumba nyingi za Columbia Heights ni za safu: zinagawana kuta, zina ghorofa mbili au tatu, na zilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati gari lilikuwa kitu cha tajiri. Harry Wardman, mjenzi aliyeijaza Washington nyumba za aina hiyo, hakuwa na sababu ya kufikiria mahali pa kuweka magari. Nyumba nyingi zina upana wa futi 16 hadi 20. Gari la wastani lililoegeshwa, ukiongeza nafasi ya kuingia na kutoka, linakula futi 20 hivi. Kwa maneno mengine, uso wa nyumba nzima haufikii gari moja, au unalifikia kwa shida.

Chukua mtaa wa mfano, upande mmoja, wenye nyumba 20 za futi 18. Ukingo wote ni futi 360, yaani nafasi 18. Anza kupunguza. Kuna bomba la zimamoto, na haliruhusiwi kusogelewa futi 10 kila upande: nafasi moja imekwenda. Kona mbili haziegeshwi mpaka mwisho, ili dereva anayekata kona aone anayevuka: toa mbili. Mdomo wa uchochoro wa kuingilia nyuma ya nyumba: toa nyingine. Zimebaki 14.

Sasa hesabu watu. Nyumba zile zilijengwa kwa ajili ya familia moja moja, lakini bei ya ardhi ilipopanda wamiliki wengi walizigawa: ghorofa ya juu kwa mmoja, chini kwa mwingine. Tuseme nusu ya nyumba 20 zimegawanywa sehemu mbili. Kaya zimekuwa 30. Washington ni mji wa ajabu kwa viwango vya Marekani, kwani zaidi ya theluthi moja ya kaya zake hazina gari kabisa. Tutoe theluthi moja hapa pia: zimebaki kaya 20 zenye gari moja moja. Wanne wana kijisehemu cha kuegesha nyuma, uchochoroni. Magari 16 yanataka nafasi 14.

Hatujamtia hata mgeni mmoja katika hesabu hii. Hatujatia gari la pili la mtu yeyote. Hatujatia siku ya ufagiaji, ambapo kuanzia Machi hadi Oktoba upande mmoja wa mtaa hutakiwa uwe mtupu kwa saa kadhaa mara moja kwa wiki, na magari ya upande huo humwagikia upande wa pili. Wote 16 ni majirani, wote wana stika halali ya Eneo la 1. Wawili kati yao wanazunguka.

Hili ndilo jibu la swali letu, na halipendwi kwa sababu halina mtu wa nje wa kulaumiwa.

Saa isiyofaa

Kuna jambo jingine linaloonekana ukisoma bango polepole. Kibali kinafanya kazi mpaka saa 2:30 usiku. Baada ya hapo, katika mtaa wa kawaida, asiye na stika ana haki sawa na mwenye stika mpaka asubuhi. Lakini ni saa ngapi mkazi anahitaji nafasi zaidi? Akirudi kazini, akirudi kununua vitu, akirudi kumchukua mtoto. Jioni na usiku. Mchana, wakati sheria inamlinda, yeye na gari lake mara nyingi hawapo.

Wakazi wa Kata ya 1 waliliona hilo, wakadai kitu kikali zaidi. Katika mitaa kadhaa upande mmoja uliwekewa mabango ya wenye kibali cha Eneo la 1 peke yao, bila zile saa mbili za hisani kwa mgeni, na upande wa pili ukaachwa na utaratibu wa kawaida. Kwa maoni yangu hili lilikuwa wazo zuri kuliko yaliyotangulia, kwa sababu lilikiri kwamba mtaa una watumiaji wa aina mbili na likawagawia kwa uwazi. Lakini rudi kwenye hesabu ya futi 20. Bango halirefushi ukingo. Na jirani wa Adams Morgan anayekuja Target na gari lake ana stika ileile ya Eneo la 1. Kwake yeye, upande wa wakazi ni wake pia. Eneo likiwa pana kama kata nzima, kibali hugeuka tiketi ya kuegesha bure mlangoni mwa wenzako.

Mgeni, mhudumu na namba za Maryland

Anayelipa gharama kubwa ya mpango huu ni mtu mwenye sababu ya kuja lakini asiye na anwani. Chukua mfano wa mhudumu wa wazee anayeishi Silver Spring, Maryland, na ambaye zamu yake ni kumwangalia bibi kizee katika mtaa wa barabara ya 13. Kazi kama hiyo Waafrika Mashariki wengi waishio Marekani wanaijua kwa ndani. Zamu ni saa 8. Ruhusa ni saa 2. Bila kibali cha mgeni, mshahara wa siku unaanza kuliwa na faini kabla ya mchana. Kwa ajili ya watu kama hao jiji hutoa vibali vya muda kupitia kwa mwenyeji. Zamani vilikuwa karatasi za mwaka mzima zilizotumwa kwa posta kwa kila kaya, na karatasi ya namna hiyo ilikuwa rahisi kuazimwa, kuuzwa au kupotea. Siku hizi huombwa mtandaoni, na kibali hufungwa na namba ya gari.

Waumini nao wana lao. Familia nyingi za Waamerika Weusi zilihamia Maryland, lakini zikabaki na makanisa yao mjini. Jumapili walizoea kuegesha safu mbili, gari pembeni ya gari, na polisi wakatazama kando. Mwaka 2006 jiji lilipotangaza kwamba litaanza kuwatoza faini, baada ya malalamiko ya wakazi wapya, hasa wa Logan Circle kusini ya hapa, ugomvi haukuwa wa magari tena. Ulikuwa ugomvi wa nani ni mwenyeji: aliyenunua nyumba juzi, au aliyebatizwa hapo miaka 40 iliyopita na sasa analala kwingine?

Halafu kuna mkazi anayejificha. Amehamia Columbia Heights lakini ameacha gari lake na namba za Maryland au Virginia, pengine kwa sababu bima ni nafuu kule. Huyu hapati kibali, na jiji lina jicho naye: gari lenye namba za nje likionekana limelala mitaani zaidi ya mara moja ndani ya siku 30 huweza kupewa onyo, kisha faini kama mwenyewe hakulisajili. Kama wewe ni mgeni Washington na unasoma sura hii kwa shida yako mwenyewe, anza na usajili. Mengine yote yanafuata.

Bei ambayo haimkatazi mtu

Kwa miaka mingi kibali cha Washington kiligharimu dola 35 kwa mwaka. Baadaye jiji likakipandisha hadi dola 50 kwa gari la kwanza, 75 kwa la pili, 100 kwa la tatu, huku wazee wakiachiwa bei ya zamani. Palikuwa na manung'uniko. Lakini gawanya 50 kwa siku 365: ni senti 14 kwa siku. Nafasi ya kulipia katika jengo la katikati ya mji inaweza kupita dola 200 kwa mwezi. Kwa tofauti hiyo, nani mwenye akili timamu atakodi jengoni, au atauza gari la pili analolitumia mara mbili kwa mwezi? Ataliacha barabarani, litafunikwa na majani ya vuli, na litashikilia futi 20 zake mpaka siku ya ufagiaji.

Ninajua ubaya wa kupandisha bei. Fundi anayebeba vifaa ataumia kabla ya wakili. Ndiyo maana kupanda kwa ngazi, gari la kwanza kwa bei ya chini na la pili na la tatu kwa bei ya kuuma kweli, kunanishawishi zaidi kuliko bei moja ya juu kwa wote. Tofauti ya dola 25 haiumi mtu mwenye magari matatu.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Tangu sheria ya 1962, anayetaka kusajili gari mjini hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara. Marekani haitafanya hivyo, na sidhani Dar es Salaam itafanya hivyo kesho. Lakini inafaa kujua kwamba kuna nchi iliyouliza swali la maegesho kabla gari halijanunuliwa.

Kabla ya kutia saini

Washington haiwalazimishi wakazi. Mtaa huingia kwenye mpango kwa ombi: wakazi huzungusha karatasi, zaidi ya nusu ya kaya za mtaa hutia saini, na Idara ya Uchukuzi ya jiji huamua. Njiani suala hupita kwenye baraza la ushauri la ujirani, chombo cha wajumbe wanaochaguliwa na wakazi wenyewe na wasiolipwa mshahara. Kwa hiyo jirani akikugongea mlango na karatasi hiyo, iwe Columbia Heights au katika mji wowote utakaoiga utaratibu huu, muulize mambo haya:

- Magari yanayojaza mtaa ni ya nani, ya wakazi au ya wapitaji?
- Saa za kibali zitalingana na saa za shida?
- Eneo litakuwa dogo kiasi gani?
- Mhudumu wa mgonjwa, fundi na shangazi anayekuja kulala wataegesha vipi?
- Gari la pili na la tatu litalipa kiasi gani?

La kwanza huna haja ya kumsubiri mtu akujibu. Pita mtaani saa 5 asubuhi siku ya kazi, uhesabu magari yasiyo na stika ya eneo lako. Pita tena saa 4 usiku, uhesabu yote. Kama mchana ndio umejaa magari ya nje, tia saini; kibali kitakufaa. Kama usiku ndio umejaa, na yote ni ya majirani zako, okoa dola zako 50 na uulizie kwanza bei ya maegesho ya chini ya duka.